Kijiji cha India chenye benki 17: barabara ilifuata watu, au watu walifuata barabara?

Mpenda Ramani
Wakuu salaam. Juzi usingizi umenikataa, nikawa nazurura kwenye ramani ya Gujarat huko India mpaka nikatua kijiji kinaitwa Madhapar. Kipo kama kilomita 3 kutoka mji wa Bhuj, wilaya ya Kutch, ile pembe ya magharibi inayopakana na Pakistan. Nikaingia magazeti yao. Kijiji kina benki 17. Siongelei mashine za kutolea hela, naongelea matawi yenye kaunta na mlinzi mlangoni.

Mwaka 2021 magazeti hayo yaliandika nyumba 7,600 na amana za rupia krore 5,000. Mwaka 2024 wakapandisha, krore 7,000. Krore moja ni milioni 10, pigeni hesabu wenyewe. Idadi ya watu ndiyo imenichanganya: hapa wanasema 17,000 kwa sensa ya 2011, pale wanasema 32,000 siku hizi.

Mimi niko Kongwa, nikitaka benki napanda boda mpaka makao makuu ya wilaya. Sasa maswali mawili. Hiki ni kijiji kweli? Na kipi kilitangulia, barabara na reli zikaleta watu na hela, au watu wenye hela ndio wakavuta barabara? Karibuni.

Gogo la Kale
Nimetandika mkeka. Chai iko wapi?

Kisauni Boy
Swali rahisi hilo ndugu yangu. Hiyo ni pesa ya Nairobi na London, basi. Hao ni Mapatel wa Kutch, waulize watu wa mjengo Nairobi watakwambia. Babu zao waliletwa kujenga reli ya Mombasa kwenda Kisumu, ikaisha wakabaki, wakaanza kutuma nyumbani. Barabara haina uhusiano wowote hapo.

Tarakimu
Kisauni, nusu umepata, nusu umeteleza. Waliosajiliwa India kwa ajili ya reli ile, kati ya 1896 na 1901, walikuwa 31,983. Waliokufa 2,493, waliobaki huku 6,724. Lakini wengi wao walitoka Punjab, wakipandishwa meli Karachi. Watu wa Kutch kwa sehemu kubwa walikuja kwa njia zao: wafanyabiashara zamani sana kabla ya reli, na hawa Mapatel waashi wengi wao baada yake. Reli haikuwaleta, ila ilifungua miji ambayo walikuja kuijenga.

Kuhusu "kijiji": sensa ya India ina kitu kinaitwa mji wa sensa. Masharti ni matatu. Watu wasiopungua 5,000, msongamano usiopungua watu 400 kwa kilomita ya mraba, na robo tatu ya wanaume wanaofanya kazi wawe nje ya kilimo. Utamu ni kwamba hata ukitimiza yote matatu, bado unaweza kuendelea kuongozwa na gram panchayat, yaani halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo mkuu wa Kongwa asitafute nyumba za tope. "Kijiji" pale ni cheo cha kiutawala.

Gogo la Kale
Kwa hiyo hata Kariakoo ikipewa mwenyekiti wa kijiji inakuwa kijiji. Haya. Krore nayo ni mdudu gani? Sisi tunajua laki.

Shangazi wa Forodhani
Mwanangu Gogo, hiyo laki yako ni ya huko huko. Wao husema lakh, sisi laki, zote 100,000. Na pesa ni paisa yao. Maneno hayo yalikuja na jahazi pamoja na vitambaa. Krore haikupanda, ilibaki bandarini Mandvi, huko huko Kutch. Ingetusaidia nini wakati ule, nani alikuwa nazo?

Fundi Mwashi
Nimefanya kazi na hawa wazee Nairobi miaka 11, kuanzia kibarua mpaka fundi. Naongea nilichoona. Mzee wangu alikuwa wa Madhapar kabisa, akiitaja kila siku kama mtu anavyotaja mama yake. Alikuwa hatumii macho kupima ukuta, alikuwa anatembeza kiganja. Timazi iko hapo, yeye anapapasa plasta na kiganja, akifika mahali anasimama anasema "hapa mimba." Unapiga pima maji, kweli, ukuta umetoka tumbo milimita mbili. Unabomoa.

Kila Desemba site inafungwa anaenda "nyumbani". Amezaliwa Nairobi, watoto wako Uingereza, lakini nyumbani ni Madhapar. Nilimuuliza, mzee, kule kuna nani? Akasema kuna nyumba. Nikamuuliza nani anakaa? Akasema, nyumba.

Kwa hiyo mimi niko na Kisauni. Hela ilitoka huku.

Mpenda Ramani
"Akasema, nyumba." Mkuu umenimaliza. Lakini hapo ndipo swali langu linazidi kuwa gumu. Kama nyumba zimefungwa, sensa inahesabu nani?

Tarakimu
Inahesabu waliopo. Sensa ya 2011 uandikishaji ulikwenda tarehe 9 mpaka 28 Februari, halafu tarehe 1 hadi 5 Machi wakapita tena kurekebisha, wakiongeza waliozaliwa na kutoa waliofariki. Mtu anayeishi Nairobi na kurudi Madhapar wiki mbili za harusi hahesabiwi pale. Nyumba yake inaingia kwenye orodha ya majengo kama tupu. India nzima mwaka ule nyumba tupu zilikuwa zaidi ya milioni 24.

Sasa gawanyeni. Watu 17,000 kwa nyumba 7,600 ni watu wawili na kidogo kwa nyumba. Watu 32,000 kwa nyumba hizo hizo ni wanne na kidogo, ambayo ndiyo familia ya kawaida. Nahisi kuna mwandishi alichukua idadi ya nyumba akazidisha kwa familia, akasahau makufuli. Hisia yangu tu hiyo, sina ushahidi.

Kisauni Boy
Tarakimu nawe umechanganya mwaka. Nyumba ni za 2021, watu ni wa 2011. Miaka 10 katikati watu wanazaana na wanahama. Sensa ya 2021 haikufanyika.

Tarakimu
Kweli kabisa, nakubali kofi. Iliahirishwa, na sasa uhesabuji wenyewe umepangwa Februari 2027. Mpaka hapo kila tarakimu ya kijiji chochote cha India ni ya 2011 au ni makadirio ya mtu.

Binti Ngamiani
Jamani nimefika huko! Nilisoma Rajkot miaka mitatu, na niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja mama yake anaishi Madhapar. Tulikwenda likizo ya Diwali.

Usafiri kwanza kwa sababu ndiyo mada. Rajkot hadi Bhuj ni kama kilomita 230, tulipanda basi la serikali la Gujarat, wenyewe wanaliita ST. Kiti cha chuma, dirisha halifungi, kondakta ana mashine ndogo ya tiketi na filimbi shingoni. Mnavuka daraja la Surajbari, kulia kushoto ni mashamba ya chumvi meupe mpaka macho yanauma. Tukala dabeli stendi ya Bhachau: mkate mdogo, viazi vya viungo ndani, karanga na punje za komamanga. Kutoka Bhuj hadi Madhapar hata basi hamhitaji. Kuna bajaji, na kuna dude linaitwa chhakdo, mbele pikipiki nyuma kama mkokoteni, watu kumi wanakaa wanatazamana, sauti yake utadhani mashine ya kusaga ya Pongwe.

Sasa nyumba. Mtaa wa mama yule ni mzuri kuliko mitaa mingi ya Tanga, ghorofa mbili mbili, vigae, geti la chuma. Kimya. Kila geti kufuli, na kila kufuli limevishwa mfuko wa plastiki umefungwa kwa mpira, vumbi lisiingie. Mama ana pete kubwa ya funguo za majirani. Kila ufunguo una kitambaa kimeandikwa kwa Kigujarati. Nikamwomba anisomee. Nairobi. Nairobi. Harrow. Mombasa. Perth. Nairobi. Asubuhi anazunguka kufagia baraza za watu wasiokuwepo, halafu anakuja kunywa chai kwenye kisahani.

Na bibi mmoja wa jirani aliponiona akauliza kwa Kiswahili, "Umetoka Kenya?" Nikasema Tanga. Akasema, "Tanga, sawa. Mogo iko?" Mogo ni muhogo. Nililia kidogo, sitaki utani.

Gogo la Kale
Uzi umegeuka tamthilia. Binti, mama mwenye funguo zote hizo hajawahi kukosea geti?

Binti Ngamiani
😂 Gogo ukae kwa adabu.

Dereva Masafa
Nipo Tunduma foleni, nimesoma wote. Mimi naona mnapuuza barabara. Mpenda Ramani amesema mwenyewe: kilomita 3 kutoka Bhuj. Kijiji kingine cha watu wale wale, damu ile ile, hela ile ile ya Nairobi, lakini kilichoko kilomita 80 porini, kina benki 17? Hela inakwenda mahali gari linafika. Hata huku kwetu, kijiji kilicho kwenye lami kina wakala kila mlango, ukiingia ndani kilomita 20 unakuta mmoja na hana salio.

Mjukuu wa Kera
Habari za wote. Mimi ni Mkutch wa Nairobi, kizazi cha nne, kijiji chetu ni Kera, kusini ya Bhuj. Dereva ana hoja lakini vijiji vingine vyetu pia vina benki nyingi kuliko kawaida: Baladia, Kera, Sukhpar, Mankuwa. Madhapar imezidi tu.

Nawapa sababu ambayo hakuna aliyeitaja, haina mahaba. India ina aina ya akaunti kwa raia wake na watu wenye asili yake walioko nje, NRE, na riba yake haitozwi kodi kule. Mwanangu yupo London, benki ya kule ikimpa riba ndogo, kwa nini asiweke kijijini kwa babu yake ambako meneja anamjua kwa jina? Benki hazikufuata barabara, wala hazikufuata watu. Zilifuata amana. Watu wenyewe hawapo.

Pia kuhusu mizizi ya zamani: Alidina Visram, yule tajiri wa maduka ya njia ya kwenda Uganda ambaye jina lake lipo kwenye shule ya Mombasa, alitoka Kera.

Kisauni Boy
Nimesoma hiyo shule! Miaka minne natembea chini ya jina la mtu wa Kera na sikujua. Asante ndugu.

Gogo la Kale
Kisauni hata shuleni alikuwa haulizi. Lakini mimi nilisikia Madhapar ina uwanja wa ndege wa kivita uliojengwa na wanawake, serikali ikawalipa mamilioni, ndio utajiri ulipoanzia.

Mjukuu wa Kera
Gogo, umeshika mkia wa habari ya kweli ukatengeneza ng'ombe mwingine. Uwanja ni wa Bhuj. Desemba 1971, vita vya India na Pakistan, ndege za Pakistan zililipua njia ya kurukia. Wanawake wapatao 300, wengi wao wa Madhapar, waliitengeneza upya kwa saa 72. King'ora kikilia wanakimbilia vichakani, kikinyamaza wanarudi na karai. Njia ikafichwa kwa samadi ya ng'ombe isionekane kutoka juu. Utajiri haukutoka hapo. Kuna mnara wa kumbukumbu yao Madhapar sasa.

Fundi Mwashi ataelewa: ni watu wa mjengo, wanaume kwa wanawake.

Fundi Mwashi
Saa 72 runwei nzima, na hakuna mtu aliomba "advansi". Heshima.

Shangazi wa Forodhani
Mnaanzia mbele sana wanangu. Swali la barabara kwa Kutch ni swali la bahari. Kutch ilikuwa dola ya mfalme wake, mashariki na kaskazini imezungukwa na Rann, uwanda wa chumvi unaojaa maji ya mvua. Reli yao ya kwanza ilikuwa nyembamba, kutoka bandari ya Tuna hadi Anjar mwaka 1905, ikafika Bhuj 1908. Haikuungana na India nyingine. Ilitoka baharini ikaingia ndani, ikaishia hapo! Kwa mtu wa Mandvi, Unguja ilikuwa njia inayojulikana: unaondoka na kaskazi, unarudi na kusi. Delhi ndiyo iliyokuwa mbali.

Kwa hiyo watu hawakutoka kwa sababu ya kukosa njia. Walitoka kwa sababu njia waliyokuwa nayo ilielekea kwetu.

Na kama mnataka kuona barabara ikifa na watu wake, someni Lakhpat, kaskazini magharibi ya Kutch. Ulikuwa mji wa bandari wenye ukuta wa kilomita 7, maji ya mto Indus yakifika. Tarehe 16 Juni 1819 tetemeko likainua ardhi, ukazuka ukingo mrefu wanaouita Allah Bund, maji yakageuka njia. Mji ukakauka. Leo ndani ya ukuta ule mna watu mia kadhaa. Tharia Topan, aliyejenga ile zahanati yenye baraza za mbao pale ufukweni Unguja, asili yake Lakhpat.

Mpenda Ramani
Shangazi shikamoo. Kwa hiyo Lakhpat ni ushahidi wa Dereva: njia ikifa, watu wanaondoka.

Shangazi wa Forodhani
Marahaba. Sikusema hivyo, umesema wewe. Madhapar watu wameondoka na njia ipo, tena nzuri. Nayo ni ushahidi wa nani?

Dereva Masafa
😂😂 Shangazi ananifunga breki. Lakini na tetemeko la 2001 je? Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka redioni.

Mjukuu wa Kera
Tarehe 26 Januari 2001, saa 2 na dakika 46 asubuhi, siku yao ya Jamhuri, watoto wako kwenye gwaride. Watu wapatao 20,000 walikufa. Nyumba ya bibi Kera ilibaki mlango na fremu yake. Lile daraja la Surajbari alilolitaja Binti liliharibika, na ndilo lilikuwa mlango wa barabara kuingia Kutch, misaada ikakwama. Baada ya hapo ndipo kila kitu kikaongezeka: michango ya Nairobi na London, barabara pana, misamaha ya kodi kwa viwanda. Watu wengi waliokuwa Bhuj mjini waliogopa vichochoro vya zamani, wakataka kujenga pembeni. Madhapar iko pembeni. Naamini hapo ndipo ile 32,000 inaweza kutoka, wakaaji wapya ambao hawana hata ndugu mmoja Afrika.

Tarakimu
Hii ya Mjukuu naipenda kuliko yangu, ingawa inaua hesabu yangu ya makufuli.

Niongeze kitu kwa swali la mwanzo, kwa sababu India wana jibu la kisheria kuhusu kipi kinatangulia. Tarehe 25 Desemba 2000 walizindua mpango wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Kitongoji cha tambarare kisicho na barabara ya kupitika mwaka mzima kinapewa kama kina watu 500 au zaidi. Milimani, jangwani na maeneo ya makabila ni 250. Idadi inatoka kwenye sensa. Zaidi ya kilomita laki 7 zimejengwa kwa mtindo huo. Awamu ya nne iliyopitishwa 2024 inatumia sensa ya 2011.

Kwa hiyo ukiwa na watu 251 una lami. Ukiwa na 249, una vumbi. Vitongoji vilivyo ndani ya mita 500 vinaruhusiwa kujumlishwa, kwa hiyo wajanja wanajumlisha.

Binti Ngamiani
Hapo ndio pananiuma. Kaskazini ya Bhuj kuna Banni, nyika ya wafugaji wa nyati, Wamaldhari. Mwaka wa ukame wanahama na mifugo. Karani wa sensa akipita wakati wamehama, kitongoji kinapungua kwenye karatasi, na barabara inapungua nayo. Madhapar wenye nyumba hawapo na barabara ipo. Banni watu wapo, ila siku ya karani wako na nyati.

Kisauni Boy
Wapelekewe barabara basi, watakaa.

Tarakimu
Si lazima. Wachumi wawili, Sam Asher na Paul Novosad, walichapisha mwaka 2020 utafiti uliotumia mpaka huo huo wa idadi ya watu, wakilinganisha vijiji vilivyouvuka kidogo na vilivyoukosa kidogo. Barabara ilifika, lakini kilimo hakikubadilika sana, kipato hakikupanda sana. Kikubwa walichoona ni watu kuacha kazi za shambani na kutafuta vibarua vingine. Barabara ilikuwa mlango wa kutokea.

Dereva Masafa
Mlango una pande mbili jamani. Mimi nimepeleka mizigo kijiji kimoja miaka sita, mwanzo nilikuwa nashusha saruji, sasa nashusha friji. Hao hawakuondoka.

Kisauni Boy
Friji zinaletwa na pesa ya walioondoka. Turudi mwanzo: Nairobi.

Gogo la Kale
Na reli je? Kichwa cha habari kimeahidi barabara, reli Shangazi kaitaja ya 1908 tu.

Mjukuu wa Kera
Stesheni ni Bhuj, kuna treni za usiku kwenda Mumbai, na tangu Septemba 2024 kuna treni mpya ya masafa mafupi, Namo Bharat, Bhuj hadi Ahmedabad, kilomita 359 kwa saa 5 na dakika 45. Vijana wa kijijini wanaipenda. Wazee wetu bado wanaruka Nairobi hadi Mumbai halafu wanapanda ndege ndogo hadi Bhuj, kwa sababu ya mizigo. Usiulize mizigo gani. Unga wa muhogo umo.

Mpenda Ramani
Kwa hiyo mpaka sasa nina: hela ya nje, kodi ya riba, ukaribu na Bhuj, tetemeko, bahari, na sheria ya watu 250. Nilikuja na maswali mawili naondoka na sita. Binti, yule mama wa funguo bado mnawasiliana?

Binti Ngamiani
Nimempigia jana jioni kwa sababu yenu. Nikamwomba atoke barazani ahesabu taa mtaani kwake. Alicheka kwanza, akadhani nimeugua. Akatoka, nasikia kandambili zake kwenye vigae. Mtaa una nyumba 22. Zenye taa 9. Halafu akasema ngoja, ile moja nimewasha mimi mwenyewe ili wezi waone mtu yupo. Basi 8.

Tarakimu
Karani akija Februari 2027 msimu wa harusi atakuta zote 22 zinawaka.

Fundi Mwashi
Na bado ataambiwa ni wageni.

Gogo la Kale
Muulize tena Desemba. Mkeka sikunji.